Nguzo ya Kona kwa Rangi Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Wamemwaga zege la ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara. Sikufanya kazi. Fulana arobaini za timu ziko mezani zinasubiri kuchapwa, na mimi nimesimama dirishani mdomo wazi! Nondo zimechomoza juu ya kila nguzo, nyembamba, zimenyooka, anga lote limekatwa vipande. Nani kawaambia hawa watu kwamba wanachora?

Nimeanza. Plastiki angavu nimeibandika kwenye kioo, kidevu juu ya tofali la dirishani — tofali lisiposogea, jicho halisogei — jicho moja nimefumba, nikafuata mistari kwa kalamu. Nguzo, mbao, majukwaa, na ukuta wa jirani pembeni. Ukimaliza, nyumba huioni tena, ni mistari na miraba tu. Nitaichapa nyekundu.

Jumatano, 5 Machi

Fremu ya kitambaa cha kuchapia nimeipaka dawa, nikalaza mchoro juu yake, nikaisimamisha kwenye jua la dirishani dakika nne. Panapopigwa na jua dawa inakauka. Chini ya mstari inabaki laini, inatoka kwa maji, na hapo ndipo wino unapopita. Miaka tisa nafanya hivi na bado nasisimka mstari ukifunguka.

Nakala kumi na mbili. Mjomba kapita akitoka kazini — ndiye anayefunga nondo huko juu. Kainamisha kichwa kulia, kushoto. "Mpwa wangu, hii nini, wavu wa kuku?" Nikamwambia ni kazi yake. Kisha akasema miaka thelathini anafunga nondo, zinafunikwa zege, hakuna aliyewahi kuziangalia. Machozi yalinilenga. Nikammiminia chai.

Jumamosi, 15 Machi

Ghorofa ya nne imesimama. Jua langu sasa linaondoka saa tisa badala ya saa kumi na moja. Ikija ya tano, fremu nitazianika wapi? Nimemvaa msimamizi wao barabarani, tena kwa sauti, watu wanasikia. Bwana Kofia namwita, maana huvaa mbili, ya chuma juu ya ile ya sufu. Kacheka. Nihame, kasema.

Nimechora jengo zima upya kutoka tofali lile lile. Nitaichapa nyeusi, juu ya nyekundu.

Jumapili, 16 Machi

Rangi hizi mbili hazilingani! Chini sawa kabisa. Ghorofa ya pili, kidogo. Ya tatu, nguzo ya kona imeachana na yenyewe milimita mbili. Nimesogeza fremu: juu pakawa sawa, chini pakaachana. Nimerudisha: chini sawa, juu hapana. Karatasi saba zimeharibika. Nimejitukana matusi yote ninayoyajua, mengine nimeyabuni papo hapo.

Baadaye — ukuta wa jirani! Nimeutazama kwa lenzi. Nyeusi imelala juu ya nyekundu toka chini hadi juu, hata unywele haupiti. Basi jicho halikusogea. Wala tofali. Wala fremu.

Nimekaa sakafuni. Naona aibu kuandika hivi, lakini ule wekundu unaochungulia kando ya weusi ni mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuchapa. Na maana yake jengo linalala upande.

Jumatatu, 17 Machi

Mjomba nimemwita asubuhi kabla hajaingia kazini. Safari hii hakutaja kuku. Kapima nguzo kwenye karatasi kwa rula, midomo ikihesabu: nguzo ya sentimita arobaini hapa ni milimita ishirini, basi mbili zako ni sentimita nne zangu. Akainua vidole viwili, upana wa sentimita nne, akavitazama. "Una hakika?" Nikaapa kwa mama yangu, dada yake. Kesho saa mbili wanamwaga sakafu ya tano, tani na tani juu ya kona ile. Akaichukua karatasi.

Jioni karudi nayo imekunjwa mara nne. Bwana Kofia kamwambia kwamba juzi nililia jua barabarani, leo nimeleta kikaratasi cha rangi ili wasimamishe kazi. Mafundi wamevunjika mbavu. Na kama mjomba anaogopa, asije tena kabisa.

Alimaliza chai ndipo akauliza, taratibu. "Na kweli, mpwa wangu. Si hilo jua?"

Jua nalitaka, siwezi kukana. Lakini ukuta wa jirani haujui ninachotaka. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akaniomba kamba imara, ndefu.

Jumanne, 18 Machi

Saa mbili kasoro. Gari la zege liko getini, tumbo linazunguka. Mjomba amepanda! Si kufunga nondo. Yuko kwenye kona, ghorofa ya nne, anateremsha timazi, kile kipimo cha wima, kwa kamba yangu ya kuanikia fulana. Mafundi wengine, wale wale waliocheka jana, wamekataa kushika makoleo mpaka waone. Bwana Kofia yuko chini, mikono kiunoni.

Kidevu kwenye tofali. Naandika bila kutazama daftari.

Juu kamba imegusa nguzo. Chini timazi inacheza, haisomeki. Dereva anapiga honi, hakuna anayegeuka. Inatulia. Mstari wa kwanza ulionyooka kweli kweli kwenye jengo lile, na nimeuanikia nguo zangu miaka yote! Kando yake nguzo nzima inaonekana ilivyolala. Kila mtu anaiona. Ni karatasi yangu hasa, kubwa kama ghorofa nne.

Bwana Kofia kachuchumaa. Anaingiza vidole kati ya kamba na nguzo. Kimoja. Viwili. Anamwangalia mjomba kule juu, anamfanyia ishara ashuke, ashuke, na mkono mwingine bado uko pale chini. Viwili vinacheza. Ameingiza cha tatu, kimepita, limelala kuliko karatasi yangu —