Zipu Mgongoni

Jumanne

Fundi Saidi amenikasirisha. Nilimwambia wazi: gauni liwe na vifungo mbele, kiuno kilegee, maana mtoto ananyonya na mchana naletewa kazini, redioni. Nikimkosesha ziwa, naogopa maziwa yatakauka. Saidi akafuata picha ya ukutani kwake: gauni la kubana, zipu mgongoni. Na kitenge kingine sina.

"Mama, hii njo mode, fasheni ya sasa! Utapendeza sawa bibi arusi."

"Bibi arusi hanyonyeshi, Papa Saidi. Fumua."

"Kitaharibika."

"Kiharibike nikiona."

Nikakaa kwenye benchi lake, nikawaeleza wateja wake kisa chote, hadi akashika mkasi.

Vifungo sasa viko mbele, ila mshono wake umepinda. Jioni mtoto amenyonya nikiwa nimelivaa gauni, akashiba. Kesho naenda nalo kazini. Asante yangu Saidi hataipata.