Unyasi Haukutikisika

Jumatano, 13 Juni 1849

Saa nzima nimewahutubia wenzangu wa kikosi nikiwa juu ya pipa, hapa darajani, ukingoni mwa mto Neckar. Sheria niliyoisoma chuoni Heidelberg waliiandika wakuu—ya kesho tutaiandika sisi! Kofia zimerushwa juu. Nikawafundisha pia kutunza magobori: mafuta tele ndani ya mtutu, kisha yasimamishwe ukutani, mdomo juu, kama askari wa jamhuri! Kapteni Eberle, mchinjaji, mtu wa maneno machache, amekubali: Waprusi, askari wa mfalme, wakikanyaga daraja, nitafyatua mimi wa kwanza. Ndiyo ishara. Wenzangu ishirini na wawili wataingojea.

Alhamisi, 14 Juni

Aibu!

Kulipokucha tulishindilia baruti. Nikaomba kujaribu risasi moja. Fataki, kile kikofia cha shaba, ikalia *ta!*—na risasi isitoke. Fataki ya pili, kutoka kopo kavu. *Ta!* Nikazibua kitundu cha moto kwa sindano. *Ta!*

“Mwanachuo,” akapaza sauti Dürr, fundi mapipa, “limesikia hotuba yako, limesinzia!”

Wakacheka mpaka farasi wakashtuka. Eberle hakucheka. Gobori lisipolia kufikia kesho adhuhuri, akasema, ishara ni ya Dürr; mimi nitabaki kuandika matangazo. Matangazo! Mimi!

Ijumaa, 15 Juni, asubuhi

Kwa Mama Kreszenz, mjane wa fundi bunduki, ambaye karakana ameishika mwenyewe. Hakuniuliza kitu. Alilichokoa gobori kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, wenye skrubu nchani. Baruti ikatoka kama uji mweusi. Akafungua kile kijibomba kinachobeba fataki, akamimina maji ya moto, akakausha. Kisha fataki juu ya gobori tupu, mdomo wa mtutu karibu na unyasi mmoja uani.

“Unyasi ukiinama, njia ya moto i wazi.”

*Ta!* Unyasi haukutikisika. Sindano tena, kitambaa tena. *Ta!*—ukainama mpaka chini! Nilitaka kumbusu mikono.

“Nani kakwambia ulinyweshe mafuta hivi, mwanangu? Ukilisimamisha, mafuta yote yanashuka penye baruti. Hulazwa mdomo chini. Na kabla ya kushindilia, fataki mbili tupu.”

“Hakuna aliyeniambia, Mama. Ni wazo langu.”

“Afadhali. Basi limeharibika moja tu.”

Nikalinyakua gobori, nikakimbilia darajani.

Ijumaa, adhuhuri

Nimerudi. Magobori ya wenzangu yamesimama ukutani, ishirini na mawili, mdomo juu, yanang'aa. Yote yameshindiliwa. Kusafisha moja ni robo saa, na maji ya moto hakuna. Ng'ambo ya mto vumbi la Waprusi linapanda.

“Limepona?” Eberle kaniuliza.

“Limepona, Kapteni.”

“Basi shika nafasi yako.”

Nikaishika! Miguu yangu ilikwenda kabla ya dhamiri. Nikinyamaza, nitafyatua—mmoja—na nyuma yangu *ta! ta! ta!* Nikisema kweli, ishara inanitoka, na jina langu nalo. Bado kuna muda wa wao kukimbilia msituni, nyuma yetu, wakiwa hai. Mdogo. Kila mstari ninaouandika hapa unakula muda wao.

Ngoma! Zimekaribia.

Nimeegemea pipa lile lile. Wameniona, wanapiga makofi, wanadhani ni hotuba.

“Fupisha leo, Mwanachuo!” anapiga kelele Dürr, gobori lake kifuani kama mtoto.

Nitafupisha. Ni neno moja tu, “Kimbieni!”—na mguu mmoja tayari uko juu ya pipa—