Nani Alikupa Jina

Zubair, uko wapi? Nimeumbuka!

Kile kifurushi cha kuwakaribisha wanafunzi wangu wapya wa ushairi mtandaoni nimekimaliza. Kina ratiba, masharti, na mwishoni jina la kishairi ambalo ustadhi humpa kila mwanafunzi.

Nikamtumia wa kwanza, Bi Mehrunnisa, mjane wa mjini Multan. Akapiga simu hapo hapo.

"Jina zuri, ustadhi. Na wewe la kwako ulipewa na nani?"

Na nani!

"Ulijipa mwenyewe?"

Nikakubali. Nilijua atacheka, ataondoka.

"Pole, mwanangu. Hukuwa na mtu?"

Hukuwa na mtu! Kaniambia mimi, Zubair!

Amebaki. Kesho tunaanza.

Nipigie basi. Uniite Shahmir, jina la nyumbani, si lile nililojipa.