Chupa Iliyonukia Ubani

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Nimefagia. Uji umeungua. Kisomo cha watu wazima sikwenda, Hadija mjukuu wangu bado anaharisha. Watoto wengine pia. Mwenyekiti wa kijiji kaziba kisima kwa miba, ati ndicho chenye ugonjwa. Kisima kakichimba marehemu mume wangu! Kikikutwa na uchafu kitafukiwa. Tuchote lamboni, pamoja na ng'ombe. Nina hasira.

Jumanne, 5 Agosti
Kaja bwana maji wa Korogwe, kupima kisima. Kijana, suruali ya pasi. Kaniachia chupa imefungwa karatasi, nichote alfajiri. Yeye kaenda Kwedizinga, ataipitia. Kasema nisiifungue mpaka kisimani. Kwa nini, hakusema.

Jumatano, 6 Agosti
Chupa inanuka mpira wa kizibo. Aibu. Maji ya mume wangu hayaendi mjini hivyo. Nimeifukiza ubani kama mtungi, ndipo nikapenya miba nikachota. Bwana maji kaipitia, kaitia kwenye sanduku la barafu, kaondoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Karudi kanuna. "Shikamoo bibi. Nani kaitia chupa ubani?"

"Mimi. Ulitaka upewe maji yanayonuka mpira?"

Kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kaeleza, angeeleza mapema. Chupa ilipikwa kwa mvuke isibaki na kijidudu. Mkono wangu na moshi vimeharibu kipimo. Huko maabara vijidudu wanapikiwa mchuzi, unawekwa kwenye kabati lenye joto. Ukitoa mapovu, ni dalili ya kinyesi. Mimi sijawahi kumpikia mdudu.

Safari hii kachota mwenyewe. Kauliza watoto wanakunywa wapi kwingine. Nikampeleka kwenye pipa la shamba la kijiji, wanakochuma pamba. Kata moja ya kuchotea, mikono yote. Kachota na hapo.

Jumapili, 10 Agosti
Naogopa. Nimegombana na kila mtu. Hadija kala ugali kidogo.

Jumanne, 12 Agosti
Jibu limekuja. Mchuzi wa kisima umetulia tuli. Wa pipa, mapovu matupu. Alhamdulillahi. Nimelia mbele ya mwenyekiti, sijali. Kisha nikamwambia miba aitoe kwa mikono yake. Kaitoa. Pipa limemwagwa.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimechota mapema. Mtungi nimeufukiza ubani, mtungi ni wangu, si wa maabara. Hadija kanywa kata nzima. Kaomba nyingine.