Siku Yako Ilianza Magharibi

Kaka Athumani,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe kwa salamu ndefu ilhali ana lake moyoni.

Wiki ya tatu hii naandika maelezo ya programu yako, ile inayochukua hatua, mapigo ya moyo na usingizi kutoka saa za mkononi, kisha kuwapa mawakala wa akili unde, zile programu zinazowajibu watu badala ya binadamu. Uliitengeneza, ukaiweka yote kichwani, ukaenda nayo. Kazungu, mwenzako uliyeanza naye kazi, anaijua mitambo lakini maneno humkwama. Ilipokwisha arubaini yako akanambia, "Dada Mwanaisha, wewe ndiye uliyekuwa ukimsikia akijisemesha. Andika wewe."

Mimi nachapa barua za watu na kutoa kopi hapa mtaani Mjambere, hayo unayajua. Lakini ni kweli nilikusikia. Nakukumbuka umechovya hamri kwenye chai hata likakatikia humo, nawe hukuona, unanieleza: "Mgeni asiyejua choo kiko wapi huona haya, akanyamaza. Wakala hanyamazi. Asipojua, hubuni."

Basi nimeandika kila kitu. Nimeandika kwamba sifuri ni mtu aliyevaa saa asitembee, na "hakuna" ni saa isiyosema lolote. Ulipigania hilo mpaka ukamnunia Kazungu siku mbili. Sasa nikiita siku zako za karibuni, programu yako hunijibu hivyo hivyo. Hakuna. Hakuna. Nafunga kompyuta, naenda kuosha vyombo.

Kisha wateja wako wakalalamika, wale wanaowasaidia wazee wenye sukari. Kuna bibi mmoja Magogoni, hutembea leo akapumzika kesho, hutoka na bintiye baada ya chakula cha jioni, kwa sababu mchana jua humshinda. Wakala akamwambia jana hakutembea kabisa, ajitahidi. Bibi wa watu akalia. Alikuwa na malengelenge miguuni. Wateja wakasema kosa lisipopatikana na maelezo yasipokamilika mwezi huu, wataiacha programu yako. Na hao ndio pekee waliobaki, kaka. Wakiondoka wao, imekufa nayo.

Kazungu alitafuta siku nne. Akashuku programu inafuata majira ya Ulaya, akashuku mtandao, akakushuku wewe. "Athumani kanichezea," akasema, macho mekundu.

Alhamisi nilikuwa mezani naandika, adhana ya magharibi ikalia. Mama akaita kutoka jikoni, "Mwanaisha! Usiku wa Ijumaa umeshaingia. Weka hilo dude, tumsomee kakako Yasini." Nikaitika, "Abee, mama," lakini sikuinuka. Mkono ulibaki juu ya meza. Usiku wa Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, usiku hutangulia mchana wake. Nawe ukaipa mashine siku kama ulivyopewa na mama, kila jua likizama ifungue siku mpya. Matembezi ya bibi yule yote yalikuwa yakiandikwa kwenye tarehe ya kesho yake.

Nilipomwambia Kazungu alicheka hata akajifuta machozi. "Huyu Athumani huyu! Dunia nzima siku inaanza saa sita usiku, yeye kaianzisha na muadhini!" Akabadilisha mstari mmoja tu kwenye kompyuta yake ili tujaribu.

Tulijaribu kwa saa yako, kwa sababu mifano yote uliyoacha ni ya mwili wako. Siku yako ya mwisho ina hatua mia mbili na kitu, kutoka mlangoni petu ukienda kuswali ishaa, mpaka pale ulipoanguka mbele ya duka la nazi. Programu yako ilikuwa imeziandika Ijumaa. Kazungu alipobadilisha, zikahamia Alhamisi mbele ya macho yangu.

Hukumwona mama msibani. Kila aliyeingia kumpa mkono wa pole alimwambia, "Mwanangu kafa usiku wa Ijumaa," nao wakamjibu ni bahati ya mja mwema. Ndilo lililomsimamisha. Karatasi ya hospitali inasema Alhamisi, nimeifungia sandukuni. Katika mashine zote, ni yako tu iliyokubaliana naye. Nikamwomba Kazungu asubiri. Hakuniuliza sababu.

Nilisubiri siku mbili, nikimfikiria bibi wa Magogoni na miguu yake. Mwisho nikaketi karibu na mama akichambua mchicha, nikamweleza yote, hata la Alhamisi. Alichambua mpaka fungu likaisha. Kisha akasema, "Kwani Mola anasoma saa ya mkononi?" Akainuka na mchicha wake. "Mwenzangu anatembea na sukari yake, anaambiwa hakutembea? Mrekebishieni hatua zake, msimdhulumu." Akaenda kuosha mchicha, na maji yakamwagika muda mrefu kuliko mchicha ulivyotaka.

Tumebadilisha, kaka. Nimeandika: "Siku huanza saa sita usiku. Anayetaka ianzie magharibi, aombe hivyo, atapewa." Hilo la pili Kazungu aliliongeza mwenyewe. Na nimekutoa kwenye mifano ya maelezo. Haikuwa haki mawakala wageni wajifunze kuiuliza programu kwa kusoma mapigo yako ya mwisho. Nimeweka yangu, hatua za dukani na kurudi, si nyingi.

Wateja wamebaki. Bibi, nasikia, ameambiwa amefanya vyema.

Pumzika sasa, ndugu yangu, Mola akupanulie ulipolala. Nami nakuahidi jambo moja. Maelezo nimeyaandika kama yatakiwavyo, wala sijutii. Lakini mtu akiniuliza wewe ulituacha siku gani, mama akiwapo au asiwepo, nitasema Ijumaa.

Nduguyo,
Mwanaisha