Mkunjo wa Mama Halyna

Buffalo, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu mkubwa, Yaya Teta wa Louisville,

Sisi wazima, ila magoti yangu yanalalamika kuliko mimi. Wewe je, bado unapanga maboksi ghalani, ama sasa wanakuita bosi?

Bon, cheka kidogo. Mdogo wako aliyeunguza ugali mbele ya wakwe sasa anafundisha mapishi ya Ukraine! Kila Jumamosi, katika chumba kilicho chini ya kanisa, jirani yangu Mama Halyna anafundisha wasichana wa kwao kupika varenyky, yaani vifurushi vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Mimi nilienda kuosha sufuria tu. Vyangu vya kwanza vilipasukia majini, akaniita "Mama Supu."

Ukingo wa kila kimoja anaukunja kama msuko wa nywele, jinsi mama yake alivyomwonyesha. Wasichana wanatazama simu. Mkunjo ule nimeushika mimi peke yangu. Jana vidole vyake vilitetemeka, ukingo ukakataa kufunga. Mwezi ujao binti yake anamhamishia Columbus. Mama Halyna akavua aproni yake, akanifunga nayo mimi.

"Mama Supu, waonyeshe wewe."

Nikawaonyesha, na simu zikawekwa chini. Halafu msichana mmoja akaniuliza, "Na mama yako alikufundisha nini?"

Yaya, swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Namwona mama akifukiza kibuyu cha maziwa kwa moshi ili maziwa yanukie, hata harufu naisikia. Mti aliouchoma kupata moshi ule nimeusahau.

Niandikie ni mti gani, kabla mikono yetu nayo haijaanza kutetemeka.

Mdogo wako,
Bamurange, fundi wa supu