Mtoto wa Kuonja

Jumamosi, 1 Novemba 1975

Soko la shamba leo lilijaa mpaka getini. Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka, na watu wote wa Jinja wakakumbuka kwamba wana njaa. Maziwa yaliisha mapema. Mala yangu pia, maziwa ya kugandisha — vibuyu vyote! Wake wa maofisa waligombania samli kama watoto. Mjini sabuni hakuna, sukari hakuna, chumvi mpaka unong'oneze. Lakini hapa Wanyange ng'ombe wanakula majani na kutoa maziwa. Wao hawajaambiwa kwamba mambo ni magumu.

Bwana Muzamiru ameweka ubao mpya barabarani: MAZIWA SAFI. SHAMBA HALITUMII DAWA WALA MBOLEA YA DUKA. Namukose, ambaye ninakamua naye, alicheka mpaka ndoo ikamwagika kidogo. "Dawa hakuna Uganda yote! Ilienda na Wahindi. Sasa umaskini yetu nakuwa sifa!" Kweli. Tangu Mhindi mwenye shamba afukuzwe, shamba akapewa Bwana Muzamiru, kupe tunawatoa kwa vidole.

Jioni Bwana akaniita. Anataka shamba liwe na karamu za msimu. Meza ndefu uani, karibu na zizi, kila msimu na chakula chake. Ya kwanza Jumamosi ijayo, maana nsenene wameanza kuanguka, wale panzi wa kijani wanaopendwa hapa kuliko nyama. Wageni ni maofisa wa kambi ya jeshi. Mpishi ni mimi. Nikamuuliza kwa nini asichukue mpishi wa hoteli. Akasema, hoteli haijui zile mboga zako. Kunde na mgagani, ninavyozilaza ndani ya maziwa siku mbili, kama mama alivyonifundisha kwetu Gem, Kenya.

Nimechoka, hata kalamu ni nzito. Lakini nimefurahi. Wacha niandike: nimefurahi sana.

Alhamisi, 6 Novemba

Mume wangu Odero amerudi kutoka Mbale na gari la maziwa akipiga mluzi. Amemletea binti yetu Orpah viatu. Vyeupe, vya kamba! Viatu siku hizi unavipata wapi? Nikamwambia viatu haviliwi. Akasema mtoto wa dereva asitembee kama mtoto wa kunguru. Orpah amelala navyo miguuni. Nimemwacha.

Huyu mwanamume akitaka kuwa mzuri ni mzuri.

Jumapili, 9 Novemba

Jana sikuandika. Sikuweza.

Walikuja na magari matatu. Mkubwa wao ni Kapteni, mnene, sauti ndogo, mstaarabu hasa. Alishika mkono wa kila mtu, hata wa Namukose uliojaa mafuta. Bwana Muzamiru alikuwa anainama inama kama jogoo anayedonoa. Nikaweka nsenene waliokaangwa, ndizi za matooke, kuku, mboga zangu. Harufu peke yake ingefufua mgonjwa.

Kapteni akaweka kijiko chini. Wote wakaweka chini.

"Nani napika hii?"

Nikasema ni mimi, afande.

"Onja."

Nikaonja kila sufuria. Hilo sikushangaa. Kila mtu amesikia habari ya ofisa aliyefia mezani kwa sumu mwezi uliopita, sijui wapi, na mimi kwetu mwenye chakula huonja kwanza. Ni heshima tu. Lakini Kapteni akatikisa kichwa. Akasema mtu mzima anaweza kukubali kufa, anaweza kuwa na hasira yake. Mama hawezi kumwua mtoto wake. "Hiyo mtoto iko wapi?"

Nilitaka kusema sina mtoto. Mdomo ulikuwa umefunguka. Orpah nilimwacha nyumbani, amevaa gauni la kushindia, pekupeku. Nikageuka, na Odero yuko kwenye kona ya ghala, amemshika Orpah mkono. Gauni la kanisani. Miguu imepakwa mafuta, inang'aa. Viatu vyeupe.

Walimkalisha juu ya meza. Kijiko hiki, kijiko kile. Orpah anapenda nsenene, akaomba tena! Wakacheka. Halafu wakangoja. Walizungumza habari za mpira wakimwangalia mwanangu kama watu wanaongoja chai ichemke. Mimi nimesimama. Najua nilichopika. Najua hakuna kitu. Na bado nilihesabu pumzi zake.

Basi wakala. Wakasifu. Wakampigia Orpah makofi, wakampa mfuko wa sukari karibu uzito wake.

Njiani nikamwuliza Odero kwa nini alimleta. Akasema, "Niliitwa kama wewe ulivyoitwa. Ningefanya nini?" Nilimwonea huruma hata. Usiku niliushika mkono wake.

Jumanne, 11 Novemba

Bwana Muzamiru leo amenisifu mbele ya watu. Halafu akamsifu mume wangu. Ati, "Mama Orpah, una mwanamume mwenye akili! Kapteni alipoomba mtoto, mimi niliogopa. Nilitaka kuvunja karamu. Ni Odero aliyesema, afande, wa kwangu yupo."

Nikauliza, lini hiyo?

"Jumatano ile, kabla hajaenda Mbale."

Jumatano. Viatu vilikuja Alhamisi.

Nilikuwa nimeshika kibuyu cha mala. Sikukiangusha. Nilikiweka chini polepole, nikafunika, nikaenda kukaa nyuma ya banda la ndama mpaka Namukose akaja kunitafuta. Nikamwambia. Akapiga mikono. "Weh! Baba ya mtoto mwenyewe?" Akakaa na mimi kwenye majani. Hakusema vumilia. Kwa hilo namshukuru.

Na malipo yake ni nini? Kuna duka Mbale, lilikuwa la Mhindi, sasa liko mkononi mwa rafiki wa Kapteni. Shamba litauza maziwa na samli humo, na Odero ndiye atakayelisimamia duka hilo. Hatalala tena chini ya gari barabarani. Ndivyo alivyoniambia jioni, bila aibu, anamenya viazi vitamu.

Nikamwambia, umemwuza mtoto.

Akasema, "Wewe ulipika. Uliweka sumu?"

Nikasema hapana.

"Basi nilimpeleka kwenye hatari gani? Mimi naamini mkono wako kuliko mtu yeyote duniani. Wewe ndiye huuamini."

Neno hilo! Nimezunguka nalo nyumba nzima. Jibu limekuja sasa, yeye amelala. Sufuria zilikaa uani, askari wanapita huku na huku. Nsenene walitoka kwa watu tusiowajua. Na hata kama kila kitu kilikuwa safi — mtoto si kijiko.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekwenda Mbale na gari la maziwa. Odero anataka nilione duka. Njia nzima aliimba, Orpah katikati yetu. Iganga alitununulia machungwa dirishani kwa mama mmoja, akanimenyea. Nikala. Machungwa hayana kosa.

Duka ni zuri. Rafu za mbao nyeusi, meza ya kioo. Ukutani bado kuna alama nyeupe mahali picha za wenyewe zilipokuwa.

Nilipopata nafasi nikakimbilia Nkoma, hapo hapo Mbale, kwa kaka yangu Nicanor. Nilikuwa nimeshaipanga safari yote kichwani: mimi na Orpah tutakaa kwake mpaka Krismasi, halafu Malaba mpakani, halafu nyumbani. Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, mkewe akaniletea uji. Halafu akasema, "Dada, wewe unaniletea vita. Odero amesema nitafanya kazi dukani pamoja naye."

Nikamwuliza kama anajua duka limepatikanaje. Anajua! Odero alimweleza hata kabla ya karamu. Na alisema nini, kaka yangu, mtoto wa mama yangu? Alisema Orpah ni mkubwa, atakula tu ashibe, watoto wangapi Uganda hii wanalala njaa?

"Sisi ni Wakenya hapa," akasema. "Mgeni hachagui mlango wa kuingilia."

Uji sikuumaliza. Ulikuwa wa wimbi, mtamu, na nilikuwa na njaa. Nimekwenda kungoja gari sokoni na mtoto mgongoni, na machozi yangu nimeyafuta kwa kamba ya viatu vyake. Maana viatu anavaa. Akivuliwa analia.

Ijumaa, 28 Novemba

Karamu kesho tena. Ya mwisho wa mvua. Kapteni ametuma salamu: zile mboga, kuku wa kuchoma, mala, "na ile mtoto yetu ya kuonja". Yetu!

Nilimwambia Bwana Muzamiru sipiki. Hakunitukana. Alikaa juu ya debe la maziwa, akavua kofia, akaniuliza kwa upole, "Mama Orpah, unafikiri mimi nilipewa shamba hili ili nikatae?" Kofia akawa anaikunja na kuikunjua. Sikujua kwamba na yeye anaogopa hivyo. Nikasema nitapika. Ila Orpah haji. Akatazama chini, akasema hilo niongee na mume wangu.

Nimeongea. Nimesema maneno machache, sikupiga kelele. Nimesema: nitapika, nitaonja, nitasimama pale mpaka jioni wakitaka. Orpah kesho atakaa kwa Namukose na hatoki. Odero alikuwa anasugua viatu vya Orpah. Akasema, "Sawa, Mama Orpah."

Kunde na mgagani ziko ndani ya maziwa tangu jana. Chumvi nimeomba kwa Namukose, kidogo, kwenye jani.

Amesema sawa.

Jumamosi, 29 Novemba, mchana

Naandika nikiwa chumba cha maziwa. Daftari lilikuwa kikapuni chini ya nguo za mtoto. Mlango umefungwa kwa nje. Humu ndani ni mimi, Odero na Orpah, aliyelala.

Odero alimchukua Orpah kwa Namukose. Alimwambia, mama anamwita. Namukose alikuja mbio mpaka zizini, analia: "Kama ni mtu mwingine ninakataa, dada. Lakini ni baba!" Simlaumu. Ni baba.

Wageni walikuwa wameshakaa mezani. Kapteni akamwona, akafungua mikono. "Ah! Mtoto yetu!" Orpah akamkimbilia, masikini, anakumbuka sukari. Kijiko kikainuliwa.

Nikaja na sufuria ya mboga, nikaiweka mbele ya Kapteni mwenyewe. Nikasema, "Afande, leo baba yake ataonja."

Bwana Muzamiru akafunga macho.

"Kwa nini?"

"Mtoto ameshiba, afande. Na baba yake anaamini mkono wangu kuliko mtu yeyote duniani. Ameniambia mwenyewe."

Kapteni akacheka! Wote wakacheka. "Dereva! Kuja hapa. Kula chakula ya bibi yako."

Odero akaja anatabasamu. Akachukua kijiko, akachota, akainua. Halafu akanitazama.

Nilimtazama tu. Sikutikisa kichwa, sikucheka, sikukunja uso. Nilimtazama kama ninavyotazama maziwa yanapopanda.

Kijiko kikasimama. Maziwa yakadondoka kwenye kitambaa, tone, tone. Nikaona uso wake unabadilika. Kapteni akaacha kucheka.

"Nini? Iko nini ndani?"

"Hakuna kitu, afande!" Akala. Akala vijiko vingi, haraka haraka, akapaliwa. Lakini alikuwa ameshachelewa, kila mtu aliona. Kapteni akafuta mdomo ingawa hakuwa amekula kitu. Kwa ile sauti yake ndogo akasema, mwanamume anaogopa jiko la bibi yake. Basi tutangoja. Wametufungia humu, wameteremka ziwani kupunga upepo. Chakula kimefunikwa. Wakirudi wakimkuta Odero mzima, watakula. Wakimkuta si mzima — hakumaliza kusema.

Bwana Muzamiru amekaa kizingitini, nje ya mlango. Namsikia. "Mama Orpah, umeniua. Umeniua, mama." Anasema kama mtu anayehesabu shanga.

Odero amekaa juu ya debe mbele yangu. Jasho linamtoka. Anasema tumbo linamkata. Ndani ya ile sufuria kuna kunde, mgagani, maziwa, samli na ile chumvi ya kwenye jani. Nililala kando ya sufuria jikoni, sikuiacha hata kwenda nje. Nilionja alfajiri. Tumbo lake ni lake mwenyewe.

Ameniuliza kwa Kijaluo, ili Bwana asisikie. "Umeweka nini?"

Sijamjibu. Neno moja tu lingemtuliza. Ninalo, liko hapa mdomoni, na halitoki. Nimemfuta jasho kwa leso yangu. Nimemfungua shati. Hivyo naweza.

Ameuliza tena. Ati nimwambie tu, hatasema kwa mtu. Ati aliyafanya yote kwa ajili yetu. Ati je, mimi ni mtu wa kufanya hivyo? Nami nimemtazama, maana mimi pia nina swali kama hilo.

Ameomba maji. Nimemchotea kwenye mtungi wa hapa mlangoni, ule tunaokunywa sote tukikamua. Amekipokea kikombe. Amekinusa. Amekizungusha kwenye mwanga wa dirisha.

Hajanywa.

Orpah ameamka, anasema ana kiu. Odero amemwangalia. Ameangalia kikombe. Anamwita kwa sauti nzuri, ile ya kumbembeleza — njoo, mama, njoo kwa baba, kunywa wewe kwanza —